Mpira wa Mkojo: Ni Stara ya Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia Isiolo kwa biashara na kuoa huko, ametuletea suali ambalo darsa yetu imelizungumza mara mbili baada ya Isha, wala hatukuliona kuwa ni jepesi. Jina lake hatulitaji, wala la mgonjwa, kwani haja ya msomaji ni jambo lenyewe.

Asema kuwa mkwewe, mzee wa Kiborana apataye miaka 80, aliletwa hospitali kutoka upande wa Merti, safari ya zaidi ya kilomita 200, akiwa na kichomi na homa kali na fahamu zimempotea. Usiku ule alitiwa mpira wa mkojo, na mkojo wake ukawa wamiminika katika mfuko ulioning'inizwa ubavuni mwa kitanda. Siku ya nne mzee alifumbua macho, akanywa uji, akamtambua binti yake. Muuguzi akasema kuwa sasa mpira waweza kutolewa. Jamaa wakamwomba auache. Wana wa kiume wako mbali na mifugo. Walioko kando ya kitanda ni binti na mume wa binti. Na mzee bado hawezi kwenda chooni kwa miguu yake. Wakaona kuwa mpira ni stara: baba hatamwona binti akimfunua, wala mkwe hatauona utupu wa mkwewe. Siku aliyotuandikia ilikuwa ni siku ya 11. Katika siku hizo zote mzee hakusali, kwa kuwa jamaa wamemwambia kwamba mwenye mfuko wa mkojo ubavuni hana tohara, basi na angoje apone. Ndugu yetu auliza: sala ya mzee huyu ina hukumu gani?

Tulimpelekea jawabu fupi siku ile ile kwa simu. Hapa twaandika kwa urefu, kwani ndani ya suali lake mna suali la pili ambalo yeye hakuliuliza, nalo kwetu ndilo zito zaidi.

Tuanze na aliloliuliza. Mtu anayetokwa na mkojo pasipo kuweza kujizuia, ambaye maulamaa humwita salisul bauli, hakuondolewa sala. Kiasi chake ni kiasi cha mwanamke mwenye damu ya istihadha. Fatma binti Abi Hubeish alipomwendea Mtume s.a.w. kwa jambo hilo hakuambiwa akae mpaka apone. Aliamrishwa ajisafishe, atawadhe kwa kila sala, na asali. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtu huyo hutawadha baada ya wakati kuingia, husali pasipo kukawia, na kimtokacho baada ya hapo hakimdhuru. Mwenye mpira ni kama yeye. Na ule mfuko, japokuwa ndani yake mna najisi, ameubeba kwa dharura, na dharura imesamehewa. Ukiweza kumwagwa kabla ya sala ni bora, na usipoweza hapana ubaya. Akiwa hawezi kutawadha mwenyewe, atatawadhishwa. Maji yakiwa yamdhuru, atatayamamu. Imran bin Husein, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, aliambiwa asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Wala sala kumi zinazokuja kwa siku mbili zisiwe mzigo juu ya mgonjwa, kwani wako maulamaa waliomjuzishia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, na Imam Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu yetu, aliiona kauli hiyo kuwa ina nguvu.

Hayo yamo katika vitabu, na mwalimu yeyote wa chuo angaliweza kuyajibu. Twastaajabu tu kuwa watu wenye kusali wao wenyewe walimtangazia mgonjwa kuwa hana sala, pasipo kwenda msikitini kuuliza.

Sasa tuje kwenye lile suali la pili. Jamaa walisema mpira ni stara. Je, ni stara ya nani?

Hapana budi kwanza msomaji ajue mpira huu ni kitu gani. Ni bomba jembamba la mpira linalopitishwa katika njia ya mkojo hata likaingia katika kibofu, na kwenye ncha yake ya ndani mna kijifuko ambacho hujazwa maji ili lisichomoke. Namna hii ya leo yaitwa kwa jina la daktari wa Marekani, Frederic Foley, aliyeitengeneza katika miaka ya 1930. Lakini asili ya jambo ni ya zamani sana. Wayunani na Warumi walikuwa na mabomba ya shaba. Na Abul Qasim Az-Zahrawi wa Andalusi, aliyekufa yapata mwaka 1013, ameeleza katika kitabu chake cha Tasrif bomba la fedha, jembamba, lililolainishwa, la kumfungulia mkojo mtu aliyezibwa. Ibn Sina naye, aliyefariki mwaka 1037, amependelea bomba la ngozi iliyo laini lenye kupindika, na akatahadharisha lisitumiwe penye uvimbe lisije likazidisha maumivu. Hatuyataji haya ili tujisifu kwa kazi ya wafu, ada ambayo imekwisha kutuharibia wakati mwingi. Twayataja kwa ajili ya wazee wanaoukataa mpira kwa kudhani kuwa ni uzushi wa Wazungu. Az-Zahrawi na Ibn Sina walikuwa Waislamu, na hawakuona kuwa ni haramu kumfunua mgonjwa kwa kadiri ya haja.

Basi asije mtu akatufahamu kuwa twaupinga mpira. Mzee ambaye tezi dume yake imevimba na mkojo umeziba kabisa yumo katika adhabu isiyoelezeka, na akiachwa hivyo figo zake zaweza kuharibika. Huyo kumnyima mpira ni dhulma. Wako pia wagonjwa mahututi ambao daktari lazima apime mkojo wao saa kwa saa, na wanaofanyiwa baadhi ya operesheni, na waliovunjika nyonga wasioweza kugeuzwa, na wenye vidonda vya makalioni visivyopona kwa sababu ya mkojo, na anayekaribia mauti ambaye mpira humpunguzia taabu. Mzee wa Isiolo, usiku alioletwa hana fahamu, alikuwa na haja. Maneno yetu ni juu ya siku ya nne na zilizofuata.

Kwani mpira si kitu cha kukaa bure. Mkojo katika mwili wa mtu mzima mwenye afya hutoka kwa nguvu na kuisafisha njia yake. Mpira huifanya njia hiyo kuwa mlango usiofungwa, na vijidudu hupanda juu yake. Zamani mkojo ulipokuwa ukiingia katika chupa iliyo wazi, siku nne hazikupita ila karibu kila mgonjwa alikuwa na vijidudu kibofuni. Mfuko uliofungwa, wa siku hizi, umechelewesha jambo hilo lakini haukuliondoa: kila siku ipitayo, wagonjwa 3 mpaka 7 katika kila 100 wenye mpira hupatwa, na ukitimia mwezi karibu wote wamekwisha kupatwa. Si kila aliye na vijidudu huugua, wala si kila mmoja wa kupewa dawa. Ila wale wanaougua huugua kweli, na maradhi hayo yakiingia katika damu ya mtu wa miaka 80 huenda yakamwua.

Tena liko jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mwaka 1996 ilichapishwa Marekani khabari ya uchunguzi wa wagonjwa wa miaka 70 na zaidi waliolazwa hospitali, kutaka kujua ni lipi lililowafanya baadhi yao kuchanganyikiwa ghafula, wakawa hawajui walipo wala nani aliye mbele yao. Yalionekana mambo matano, na moja katika hayo matano ni mpira wa mkojo. Sisi huku tukimwona mzee aweweseka usiku hospitalini, auita watu waliokufa, ashika-shika nguo zake, twasema ni uzee, au twasema amechezewa. Twamwita msomaji dua. Dua ni njema. Lakini na tuangalie pia chini ya shuka. Na mzee aliyechanganyikiwa huuvuta ule mpira, na kile kijifuko kilichojaa maji kikatoka kwa nguvu na kumchana njia ya mkojo, pakawa na damu; kisha watu wakamfunga mikono asivute. Mwaka 2002 madaktari wa huko huko Marekani waliufananisha mpira na kifungo cha kumzuia mgonjwa kitandani. Watu wa Isiolo, wanaojua kumfunga ngamia mguu asiende mbali na boma, hawahitaji kuelezwa mfano huo. Mtu aliyefungiwa mpira haendi. Asipokwenda, miguu hudhoofika, makalio hufanya vidonda, na yule aliyekuja na kichomi arudi kwao amebebwa.

Jee, madaktari hawaangalii? Huangalia, lakini nao ni wanadamu. Mwaka 2000 ilichapishwa hesabu ya ajabu: madaktari waliulizwa ni wagonjwa wao wepi wenye mpira, na katika kila wagonjwa 100 wenye mpira, 28 daktari wao hakuwa na khabari nao. Na kadiri cheo kilivyopanda ndivyo kutojua kulivyozidi: wanafunzi hawakujua 21 katika 100, madaktari wakubwa hawakujua 38. Basi mpira wawekwa kwa amri, lakini wakaa kwa usahaulifu. Jawabu la hospitali zilizozinduka halikuwa mashine mpya. Ilikuwa ni kuuliza kila asubuhi: mgonjwa huyu auhitaji bado? Mwaka 2016 ilitangazwa kazi ya namna hiyo iliyofanywa katika hospitali 603 za Marekani, na katika wodi za kawaida maradhi haya yakapungua kwa karibu thuluthi moja.

Suali hilo la kila asubuhi, wallahi, ni fiqihi tupu. Maulamaa wetu wameweka kanuni kuwa dharura hukadiriwa kwa kadiri yake, na kuwa jambo lililojuzu kwa udhuru hubatilika udhuru ukiondoka. Mzee alifunuliwa utupu wake na kuingizwa bomba mwilini mwake kwa udhuru wa kukosa fahamu. Fahamu ziliporudi na muuguzi akasema latosha, udhuru uliondoka. Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa ni udhuru wa nani? Wa mgonjwa si wake, maana yeye hakuulizwa. Hilo ndilo lililotukaa moyoni katika barua hii: mzee ana akili yake, amekwisha kunywa uji na kuwatambua watu, na mashauri yanafanywa juu ya kichwa chake kama kwamba hayupo.

Twakiri kuwa udhuru wa jamaa si uvivu. Haya baina ya baba na binti, na baina ya mkwe na mkwe, ni katika imani, na katika watu wa kaskazini ina nguvu pengine kuliko kwetu. Lakini stara maana yake ni kumfunika mtu aibu yake. Mpira ulimfunika nani? Mfuko wa mkojo umening'inia wazi, kila apitaye auona. Wageni wanaokuja kumwamkia mzee waona rangi ya mkojo wake kabla ya kuuona uso wake. Na kila siku muuguzi amfunua kuusafisha. Ukweli ni kuwa stara ilikuwa yetu sisi tulio wazima. Ilitusitiri tusiuone udhaifu wa mtu tuliyezoea kumwona ana nguvu. Mtu wa miaka 80 wa nchi ile ameona vita vya Shifta vya 1963 mpaka 1967 angali kijana, ameona ukame ukimaliza mifugo, na baada ya yote hayo twashindwa kumwona akihitaji chupa.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Bani Israil ametaja wazazi wawili wanapofikia uzee nasi tupo, akakataza hata kuwaambia 'uff'. Wengi wetu twadhani ni katazo la maneno makali. Mujahid bin Jabr, mwanafunzi wa Ibn Abbas, katika yaliyopokewa kwake, alilieleza neno hilo kwa mkojo na choo: kuwa ukiyaona kwa wazazi wako katika uzee yale waliyoyaona kwako katika utoto, usiwaone uchafu ukasema uff. Basi aya hii tunayoisoma katika khutuba na harusini, mmoja katika wafasiri wa mwanzo wa umma huu aliifahamu kwa shuka iliyorowa. Na Mtume s.a.w., alipokojoa Bedui ndani ya msikiti wake na masahaba wakamwondokea, aliwazuia wasimkatize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe juu yake. Msikiti wa Madina ulitosheka kwa ndoo moja. Godoro la hospitali, lenye mpira juu yake, latosheka kwa chini ya hapo.

Jee, binti na mkwe wafanyeje? Kwanza, mzee aliyerejewa na fahamu na mikono yake ni mizima hahitaji kushikiwa: apewa chupa ya mkojo chini ya shuka, aitia mwenyewe, aitoa mwenyewe, na mtu mwingine kazi yake ni kugeuka upande na kisha kuipokea. Apewe kila baada ya saa mbili au tatu pasipo kungojwa aombe, maana mzee huona haya kuomba, na ikiwa muuguzi hajui Kiborana na mzee hajui Kiswahili sana, huyo aweza kukaa kimya mpaka ajikojolee, kisha ikaandikwa kuwa hawezi kujizuia. Twaamini wako wengi waliotiwa mpira kwa kukosa neno moja tu la lugha. Apataye nguvu kidogo na ainuliwe akae ukingoni mwa kitanda. Zipo nepi za watu wazima. Na kwa wanaume upo mfuko unaovishwa kwa nje usioingia ndani ya mwili. Na panapokuwa hapana budi kumwosha, nani kati yetu hajui namna ya kumwosha mtu na kumsitiri? Muosha maiti huvaa kitambaa mkononi, humfunika maiti kwa nguo kutoka kitovuni hata magotini, hupitisha mkono chini ya nguo na macho yake yako kwingine. Watoto hujifunza hayo kwa ajili ya baba aliyekufa. Hatuoni ni kwa nini yasitumike kwa baba aliye hai, ambaye ana haki zaidi, kwani yeye aona haya na maiti haoni. Wa kwanza wa kazi hii ni wana wa kiume. Ng'ombe waweza kuachiwa jirani kwa siku kumi.

Wala wasomaji wetu wa Mombasa na Lamu na Malindi wasicheke wakadhani kuwa haya ni ya bara. Huko Isiolo mwana ana udhuru wa kilomita 200. Sisi tulio na hospitali mwisho wa barabara tuna udhuru gani? Twamtembelea mgonjwa saa ya ruhusa, twasimama miguuni mwa kitanda, twaweka machungwa, twaondoka. Akifa, jamaa hukusanyika kutoka kila mji, na pilau ya khitima hupikwa kwa masufuria ambayo bei yake ingaliweza kumlipa mtu wa kukaa naye mwezi mzima, mchana na usiku. Tumekwisha kuandika mara nyingi juu ya mali inayoteketea katika khitima na watu wametukasirikia. Hapa hatuongezi ila hili, kuwa katika watu mia waliokula, mara nyingi haonekani hata mmoja aliyemshikia marehemu chupa.

Nasi twasema na wauguzi pia, na katika wao wako vijana wetu. Wodi ni kubwa na mikono ni michache, hilo latambulikana. Tangu mwaka 2013 hospitali za wilaya ziko mikononi mwa kaunti, na wananchi wana haki ya kuwauliza wawakilishi wao idadi ya wauguzi wa usiku. Ila mpira uliowekwa ili kupumzisha mikono ya mtu mwingine hauingii katika dharura, awe mtu huyo ni muuguzi au ni mwana, na miongozo ya madaktari wenyewe, kama ule wa Marekani wa mwaka 2009, yasema vivyo hivyo kwa wazi: usiwe badala ya uuguzi kwa mgonjwa asiyeweza kujizuia mkojo.

Kwa yule ambaye mpira wake ni wa haja, jamaa na wajue haya machache: wanawe mikono kabla na baada ya kuugusa, mfuko uwe chini ya kibofu daima, hata anapopakiwa garini, lakini usiguse sakafu, bomba lisikunjike, kiungio chake kisifunguliwe-funguliwe. Na asubuhi, kabla ya kumuuliza mzee amelalaje, wamuulize daktari: bado auhitaji? Na mtu asiuchomoe kwa mkono wake. Kutoa ni kazi ya mwenye kujua.

Limebaki jambo moja la ndugu yetu. Zile siku ambazo mzee hakuwa na fahamu hazihesabiwi juu yake. Siku alizokuwa na akili timamu akaacha kusali kwa kuambiwa hana sala, hapati dhambi, inshallah, kwani alidanganywa na watu aliowaamini, lakini sala hizo zi juu yake na atazilipa. Zikiwa ni siku 7, ni sala 35. Akilipa moja pamoja na kila faradhi, kwa wiki moja atakuwa amemaliza, akiwa amelala au amekaa. Atakazozisali na mpira ukingali mwilini hazirudii. Na wa kumwambia hivyo ni wale wale waliomwambia angoje, kwa lugha yake, wakiwa wamekaa karibu na kichwa chake.